Jumapili ya Talanta

Mke wangu, Adela,

Jiwe lako limefika. Liko kwenye karakana ya Jeremi, yule Mrundi anayechonga mawe ya makaburini nyuma ya barabara ya Umbilo. Limeegemezwa ukutani, dogo, la kijivu, halina neno hata moja. Kila nikipita Jeremi ananiuliza, "Mzee, maneno iko wapi?" Namjibu wiki ijayo. Wiki ijayo hiyo sasa ina miezi miwili. Mimi niliyefundisha watoto wa watu kuandika insha kwa miaka kumi na minane nimeshindwa kuandika mistari mitatu kwa ajili ya mke wangu. Sababu unaijua, ingawa hukunitupia usoni hata siku moja. Ni ile tarehe.

Kwa hiyo nakuandikia wewe kwanza, halafu nitamwandikia Jeremi. Barua siifungi. Kosa nililifanya kwenye karatasi iliyosomwa na watu wengi, na si haki masahihisho yake nikunong'oneze wewe peke yako.

Bado naishi kwenye chumba kilekile cha uani, hapa Glenwood, Durban. Wanafunzi, wapangaji wenzetu waliokuwa wakikuita Mama, wamemaliza masomo na kuondoka. Wamekuja wengine ambao hawakukujua. Wananisalimia kwa kutikisa kichwa na kupita. Asubuhi navaa kizibao changu cha njano kinachong'aa, nakwenda kulinda magari nyuma ya maduka. Kuna siku narudi jioni sijatamka neno la Kiswahili, isipokuwa lile ninalojisemea ninapotafuta ufunguo mfukoni. Sikujua kwamba mtu anaweza kutamani kubishiwa. Wewe ulinibishia juu ya chumvi, juu ya Biblia, juu ya njia fupi ya kwenda sokoni. Sasa kila ninachosema ni kweli, na hakuna anayekisikia.

Ulishuka kwenye basi mwaka 2008, baada ya miaka kumi na miwili ya kutoonana. Nilikuwa nimejiandaa kulia. Ukanitazama kuanzia viatu hadi kichwa, ukasema, "Mwalimu, nani anakunyoaga? Amekuharibu."

Kwa wanaosoma bila kutujua, nieleze kidogo. Kijiji chetu kilikuwa milimani, juu ya Uvira, Kongo. Siku wenye bunduki walipokifikia, mwaka 1996, mimi sikuwepo. Nilikuwa nimeteremka mjini siku nyingi kabla kufuata karatasi za mitihani, vita vikanikuta huko, njia ya kupanda ikafungwa nyuma yangu. Nilivuka ziwa hadi Kigoma, na kutoka hapo nikaendelea kushuka kusini mpaka bahari ya Durban ikanizuia. Wewe ulikuwa kanisani. Padri hakuwepo, katekista ndiye aliyeongoza. Alikuwa ndio kwanza amemaliza kusoma Injili, ile ya bwana aliyewaachia watumishi wake talanta, na mmoja wao akaenda kuifukia yake ardhini. Risasi ya kwanza ilisikika akiwa bado ameshika kitabu. Ulikimbia nyumbani, maharage yako yakiwa motoni, ukafungua kichwa cha cherehani, ukakizungushia kitenge, ukakizika chini ya migomba.

"Kama yule mtumishi mubaya," ulikuwa unasema huku ukicheka. "Na bwana yake hajarudi kuniuliza."

Tangu hapo siku hiyo iliitwa Jumapili ya Talanta. Ndivyo ulivyohesabu mambo yote. Tulifunga ndoa Jumamosi ya kuamkia Pentekoste. Mama yako alikufa juma la Lazaro. Ulizaliwa Jumatano ya Majivu, na bibi yako alikuwa na majivu kwenye paji la uso alipokupokea. Tarehe, ulisema, ni za serikali.

Basi serikali ikazitaka. Cheti chetu cha ndoa kiliungua pamoja na parokia, kwa hiyo hukuweza kuingia kwenye faili langu la ukimbizi. Ilibidi uombe hifadhi peke yako. Ulipewa fomu. Tukakaa kwenye ukingo wa barabara, nje ya ofisi, nikaiweka juu ya goti nikujazie. Kulikuwa na swali: ulishambuliwa lini?

"Jumapili ya Talanta," ukasema.

"Hawa hawajui talanta. Wanataka namba." Nikaandika Oktoba.

"Haikuwa Oktoba."

"Adela, vita viliingia Oktoba. Redio zote zilisema. Vitabu vyote vinasema."

"Kwetu vilichelewa. Na weye hukuwa pale."

"Sikuwa pale, lakini nafundisha historia. Tia sahihi, foleni inasogea."

Ukatia sahihi. Bado naiona ile kalamu, ulivyoishika kwa ngumi.

Siku ya mahojiano walikuuliza kwa mdomo, nami nilikuwa nimebaki nje kwenye benchi. Hukusema Oktoba. Ulisema ilikuwa Jumapili ya Talanta, mvua zimeshika, na mkalimani akalipeleka hilo kwa Kiingereza kadiri alivyoweza. Barua ya kukukatalia ilipokuja ilisema maelezo yako ya mdomo hayalingani na ya maandishi, kwa hiyo huaminiki. Mimi ndiye niliyekusomea. Nilisoma mstari ule taratibu, kama mtu anayeshuka ngazi gizani, na wewe ukaendelea kuchambua mchele. Ukakata rufaa. Kuanzia hapo kibali chako kikawa cha miezi mitatu mitatu.

Nimefika kwa Gogo Rakeli. Nimekuwa nikienda polepole ili nifike kwake.

Ulipata kazi kwake mwaka 2009. Majirani wote, weusi kwa weupe, walimwita Gogo, kama Wazulu wanavyomwita bibi, ingawa yeye alikuwa Myahudi ambaye baba yake alikuja kwa meli kutoka Lithuania. Nyumba yake ilikuwa na baraza la mbao na ukuta mzima wa vitabu vilivyoachwa na marehemu mumewe, mwalimu wa historia kama mimi. Macho yalikuwa yamemwishia. Ukamwambia, kwa Kiingereza chako cha maneno ishirini, kwamba mumeo anasoma hata karatasi ya sabuni. Hivyo ndivyo nilivyoanza kuja Jumanne na Alhamisi, mchana, nikitoka kwenye magari. Gogo kwenye kiti chake, wewe mbele ya meza ya kupigia pasi, mimi katikati na kitabu. Nilisoma aya kwa Kiingereza, kisha nikaigeuza Kiswahili kwa ajili yako. Yeye aliniita Profesa. Ilikuwa dhihaka, lakini katika mji huu hakuna mwingine aliyewahi kunidhihaki kwa jina la kazi yangu.

Kitabu alichokitaka kilihusu Wayahudi wa Uingereza katika zama za wafalme wa kale. Mumewe alikuwa amekiwekea alama nyingi kwa penseli. Mwanzoni ulisikiliza kwa sikio moja. Kisha nikafika mahali panaposema kwamba Wayahudi wale walivuka bahari kutoka Ufaransa nyuma ya mfalme aliyeiteka Uingereza, na kwamba vizazi na vizazi, ndani ya nyumba zao, waliendelea kuzungumza Kifaransa.

Ukasimamisha pasi. "Wakimbizi, wanasema Kifaransa, kwenye nchi ya Kiingereza?"

"Ndiyo."

"Mwalimu, hao ni Wakongomani."

Nilipomtafsiria Gogo alicheka mpaka akakohoa, na wewe ukaenda kumletea maji, ukiwa umejaa fahari kama mtu aliyefaulu mtihani.

Kuanzia siku hiyo uliwafuata kama majirani. Uliniuliza walikula nini, na ukakasirika kwamba kitabu hakisemi. "Mtu anaandika kurasa mia tatu, hasemi walikula nini." Gogo ndiye aliyekujibu: hakujua juu yao wote, lakini alijua Ijumaa yao. Siku ya Sabato hakuna kuwasha moto, kwa hiyo chakula cha siku ile hupikwa Ijumaa na kuachwa kwenye joto. Alisema mama yake alifanya hivyo, na mama wa mama yake, na wale wa Uingereza pia, bila shaka yoyote. Ukaridhika. Ukaniambia niendelee.

Nilisoma kwamba mfalme aliwaita mali yake. Aliwalinda kama mtu anavyolinda ng'ombe wake, na alipowahitaji aliwakamua. Walikatazwa kuishi popote wapendapo. Ilikuwa ni miji fulani tu. Kila aliyezidi miaka saba alishona kifuani kitambaa cha njano chenye umbo la vibao viwili vya Musa.

"Na weye uko na cha njano," ukasema, ukinielekezea pasi.

"Changu nakivua jioni."

"Ndiyo," ukasema. "Njo tofauti." Hiyo "njo" ya kwetu ndiyo "ndiyo" ya vitabuni.

Kwa muda mrefu walikuwa na makaburi mahali pamoja tu, London, na mtu akifa mbali ilibidi maiti asafirishwe barabarani siku kadhaa. Hapo ulirudia kupiga pasi mkono uleule wa shati. Majirani wa mji walipowavamia, walikimbilia ndani ya ngome ya mfalme pale London. Na mfalme alipotaka kuwafunga, aliwafungia ndani ya ngome ileile. Mara moja walikamatwa wakuu wa nyumba kwa mamia, wakishtakiwa kwamba wanakata kingo za sarafu, wakajazwa humo hadi nafasi ikaisha. Baadhi yao, kitabu kilisema, waliwekwa hata katika nyumba iliyojengwa zamani kwa ajili ya tembo.

"Tembo gani?"

"Mfalme mmoja alipewa zawadi ya tembo. Kutoka Afrika."

"Tembo wetu? Alifanya nini kule?"

"Alikaa miaka miwili, akafa."

Ulikunja shati, ukalilaza juu ya mengine, ukalinyoosha kola. "Maskini," ukasema. "Naye papie zake za kibali ziliisha."

Kisha ikaja siku ya Winchester. Ndiyo iliyonileta mpaka kwenye jiwe hili.

Winchester ni mji wa Uingereza wenye ngome. Katika mwaka mmoja mwishoni mwa karne ya kumi na tatu, mfalme aliamuru Wayahudi wote wa kisiwa kile wafungwe, na miaka mitatu baadaye akawafukuza wote. Mmoja wa waliofungiwa Winchester alichonga maneno ya Kiebrania kwenye ukuta wa gereza. Maneno yamebaki kwa sababu msomi mmoja aliyanakili baadaye. Hakulalamika. Aliandika kwamba walifungwa Ijumaa, kuamkia Sabato ambayo husomwa sehemu fulani ya Torati, akaitaja; akaongeza mwaka kwa hesabu ya watu wake; na mwishoni akaandika jina lake, kwamba yeye ndiye aliyechonga. Gogo alitueleza kuwa sehemu ile iko katika Mambo ya Walawi, na ndiyo inayopanga Sabato na sikukuu zote. Wayahudi husoma Torati juma kwa juma, mwaka mzima, na kila juma lina jina la kile kinachosomwa.

"Baba yangu aliandika barua zake hivyo," alisema. "Juu ya karatasi hakuweka namba. Aliweka juma la Nuhu. Juma la Yakobo na ngazi."

Nilipokugeuzia hilo uliweka pasi chini kabisa. "Gogo," ukamwambia kwa Kiswahili, kana kwamba ataelewa, "weye pia?"

Na alielewa. Alinyoosha mkono, nawe ukaushika.

Baada ya muda ukauliza, "Walikamatwa Ijumaa?"

"Ijumaa."

"Basi sufuria zilibaki motoni."

Mimi, mwenye shahada, nilikuwa nimesoma ukurasa ule mara mbili bila kuiona sufuria hata moja. Wewe uliiona kwa sababu uliacha yako. Hapo ningepaswa kukuamini.

Gogo aliniomba nimweleze habari za fomu yako, nikamweleza. Aligeuza uso upande niliokaa. "Profesa, siku ya mfungwa huyu inajulikana. Watu walifungua kalenda ya Kiyahudi wakaihesabu. Kanisa lenu pia lina kalenda. Umeangalia?"

Nilicheka. Nikamwambia historia ya vita vile naijua vizuri.

"Sikuuliza unajua nini. Nimeuliza kama umeangalia."

Nikafungua ukurasa uliofuata nikaendelea kusoma.

Wiki hiyohiyo, nyumbani, nilikufundisha namna ya kujibu watakapokuita kwenye rufaa. Nilikuambia useme Oktoba, karatasi na mdomo vilingane, mambo yaishe. Ulikuwa unaosha vikombe.

"Wanasema mimi ni muongo," ukasema. "Nikisema Oktoba, njo nitakuwa muongo kweli."

Nilikuita mkaidi. Nilikuita mwanamke wa kijijini. Maneno hayo sijamwambia mtu yeyote mpaka leo.

Rufaa yako ililala kwenye kabati lao. Kibali chako kikaendelea kuhesabiwa kwa miezi mitatu. Mwishoni mwa mwaka 2010 ulipanga foleni mara mbili kukiongeza, mara mbili ofisi ikafungwa hujafika dirishani. Siku ya tisa tangu kiishe ulishuka kwenye teksi pale Berea, wakakuomba karatasi. Siku kumi na moja ulikaa mahabusu. Nilikuletea chakula, sikujua kama kinakufikia. Kila aliyekaa mezani aliniambia nimwone mwingine.

Siku ya kumi na moja Gogo alikuja mwenyewe kwa gari la kukodi, na fimbo yake, kipofu nusu, akagonga kaunta. Alimwambia askari, "Huyu ni wangu. Namtaka."

Wakakutoa. Ndani ya gari ulikaa nyuma na mimi. Uliniegemea, ukaninong'oneza kwa Kiswahili, "Umesikia? Mimi ni wake. Kama wale wa mfalme." Tukapita roboti mbili, taa za barabarani, kabla hujaongeza, "Mais alikuja. Lakini alikuja."

Miezi mingi ilipita ndipo uliponisimulia, tukimenya njegere, kwamba kwenye ukuta wa chumba kile kulikuwa na majina ya wanawake wengi, na wewe uliongeza lako kwa ncha ya zipu.

"Niliandika kama yule wa Winchester."

"Uliandika nini?"

"Jumatano, juma la Zakayo, walifunga Adela. Mimi Adela niliandika."

Nikakuuliza kama herufi zilisomeka. Hilo ndilo swali nililoona linafaa kuulizwa.

Kifua kilikuanza baridi ya mwaka uliofuata. Ulikufa mwaka 2013, Alhamisi, juma la Mchungaji Mwema. Unaona, nimejifunza. Nilipompigia Gogo simu aliuliza leo ni siku gani, na nilipomjibu akasema kwamba juma hilo, kwao, walikuwa wanasoma sehemu ileile iliyotajwa kwenye ukuta wa Winchester. Kesho yake ingekuwa Ijumaa. Mimi si mtu wa kuamini mambo ya siku kukutana. Nilikwenda maktaba kuangalia, na ilikuwa kweli. Hiyo ndiyo mara yangu ya kwanza kuangalia chochote. Makaburini aliweka kokoto moja juu ya udongo wako, kwa desturi yao, akaondoka bila kuhutubia.

Novemba iliyopita, kwenye Misa yetu ya Kiswahili, katekista alisoma Injili ya talanta. Sikuwa nimeisikia miaka mitatu, maana Kanisa hugawa masomo yake katika mizunguko ya miaka mitatu, na kila Injili hurudi kwa zamu. Nilikuwa nimeshika karatasi ya masomo ya Jumapili, na macho yangu yakapanda juu penye tarehe. Katikati ya Novemba. Misa ilipokwisha niliingia sakristia nikaomba kitabu cha masomo. Niligeuza kurasa nikiwa nimesimama. Jumapili ya Talanta, Adela, ni ya mwisho-kasoro-moja katika mwaka wa Kanisa. Haiwezi kuangukia Oktoba, hata ufanyeje. Nikahesabu mizunguko kurudi nyuma mpaka mwaka wa vita, na mwaka ule ulikuwa wa zamu yake.

Dakika kumi. Gogo alikuwa amenipa swali hilo miaka minne kabla, wakati wewe ulikuwa hai na rufaa yako iko wazi.

Vita viliingia nchini Oktoba, kama vitabu vinavyosema. Kwetu mlimani vilifika Novemba, kama ulivyosema wewe. Yote mawili ni kweli, na yangeweza kukaa pamoja kwenye fomu moja, kama ningekuuliza badala ya kukufundisha.

Nilikwenda ofisini kuwaeleza. Binti wa dirishani alikuwa mpole. Alitafuta jina lako, akasema faili limefungwa kwa sababu mwombaji amefariki.

"Nataka kusahihisha tarehe tu, binti yangu."

"Baba, mtu akishafariki hatusahihishi."

Nikamshukuru. Nilitembea kwa miguu mpaka nyumbani, na sikumbuki barabara niliyopita.

Gogo sasa yuko kwenye nyumba ya wazee, Westville. Watoto wake waliuza ile nyumba ya baraza, na kile kitabu akanipa mimi. Nachukua teksi mbili kumfikia. Kuna siku ananijua, kuna siku ananidhania mumewe. Nilipomwambia habari ya Novemba ilikuwa siku njema.

"Kwa hiyo uliangalia," akasema.

"Niliangalia."

Nilimweleza juu ya jiwe, kwamba nimekwama. Akasema, "Andika alivyosema yeye." Kisha akalala, nami nikabaki nimekaa, nikimsomea kwa sauti ya chini ukurasa wa Winchester, ingawa hapakuwa na mtu wa kuugeuzia Kiswahili.

Leo asubuhi nilikwenda kwa Jeremi na kibali chako cha zamani na karatasi yangu. Nilikuwa nimeandika yote: Jumatano ya Majivu, Jumapili ya Talanta, juma la Zakayo, juma la Mchungaji Mwema. Alisoma akisogeza midomo.

"Mzee, unaniletea ukurasa. Jiwe iko hivi tu." Akapima kwa kiganja. "Weka tarehe ya papie. Hapa inasema amezaliwa kwanza Januari."

"Hiyo papie inasema uongo."

"Papie zetu zote, mzee. Mutu asipojua siku yake, ofisi inamuandikia mwanzo wa mwaka. Mimi ni kwanza Januari, bibi yangu kwanza Januari, shemeji kwanza Januari. Tunafanyaga fête moja ya kuzaliwa."

Nilicheka, na sauti yangu ikanishtua. Nikachukua kalamu, nikakata. Siku ya kuzaliwa nikaikata, na ya kufa, kwa kuwa iko kwenye daftari la makaburi, na ya mahabusu, kwa kuwa ile uliiandika mwenyewe. Nikabakiza mistari mitatu.

*Adela.*
*Ilikuwa Jumapili ya Talanta.*
*Mimi mume wake nimeandika.*

Jeremi aliishika karatasi mbali na macho. "Ilikuwa nini, mzee?"

"Siku aliyosema."

"Nani alibisha?"

"Mimi."

Alitoa penseli nyuma ya sikio, akaanza kupima nafasi ya herufi juu ya jiwe, na mimi nikakaa kwenye kopo la rangi kumtazama. Alianza na A.

Yaliyokosa nafasi kwenye jiwe nimeyaweka kwenye barua hii. Wako watakaosimama pale kilimani, makaburini, wasielewe mstari wa kati. Waulize, kuna watu wataeleza. Nitakuja Jumapili na kokoto, kama Gogo alivyofanya. Nitakaa kidogo. Kama kuna herufi Jeremi ameipinda, wewe utakuwa wa kwanza kuiona, na nitangoja unibishie, ingawa najua nitashuka kilima bila kubishiwa.

Glenwood, Durban. Jumanne, juma la punje ya haradali.

Mimi, mume wako, nimeandika.